Kuhamisha mkopo bila hesabu ni kubadilisha bega tu



Nataka kutoa maoni yangu kuhusu jambo linalotusumbua walimu wa vijijini, na naamini linawasumbua pia wauguzi, maofisa ugani, watendaji wa kata na watumishi wengine wote wanaosubiri mshahara kila mwisho wa mwezi. Jambo lenyewe ni hili la kuhamisha mkopo kutoka kwa mkopeshaji mmoja kwenda kwa mwingine. Mabenki huita kununua mkopo. Mimi naliita kuhamisha deni, maana benki hainunui mali yoyote hapo, na anayelipa ni mwalimu yule yule.

Siku hizi katika ofisi za walimu swali linaloulizwa sana ni moja: "Nifanye nini ili ombi langu la kuhamisha mkopo likubaliwe?" Ni swali zuri, nami nitalijibu kwa kadiri ninavyofahamu. Lakini kabla yake lipo swali lingine ambalo wengi wetu tunaliruka: je, ukikubaliwa utapata nafuu au utakuwa umebadilisha bega tu?

Sisi wa Tabora tunaufahamu mfano wa bega. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe kwenda Ujiji, na babu zetu Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Mpagazi akichoka bega la kulia alihamishia mzigo bega la kushoto. Alipata nafuu kidogo, akatembea. Lakini mzigo haukupungua hata ratili moja, na safari ilikuwa ile ile. Msafara ukiwa umeamua kuzunguka njia ndefu, nafuu ya bega haikumsaidia kitu.

Hata mikopo si jambo geni katika njia hiyo. Wafanyabiashara wa Tabora walichukua nguo, shanga na baruti kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, wakitarajia kulipa kwa pembe za ndovu. Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa bidhaa na Taria Topan. Biashara ile ilichanganyika na dhuluma kubwa ya utumwa, wala siisifu. Ninachosema ni kwamba tangu wakati huo mkopeshaji alitaka kujua mambo yale yale anayotaka kujua leo: huyu ana nini, anadaiwa na nani, na huko nyuma alilipa au hakulipa.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wana kadi za mkopo, na mtu mwenye deni kwenye kadi ya riba kubwa huweza kuomba kadi nyingine ambayo kwa miezi kadhaa haitozi riba, akahamishia deni lake huko kwa kulipa ada, mara nyingi asilimia 3 hadi 5 ya deni. Huko Marekani alama za ukopaji zinazotumika sana huanzia 300 hadi 850, na jambo lenye uzito kuliko yote katika alama hizo ni historia ya kulipa kwa wakati, likifuatiwa na ukubwa wa deni alilonalo mtu. Kwetu kadi ya benki aliyonayo mwalimu ni ya kutolea fedha zake mwenyewe, si ya kukopea. Deni letu limo katika hati ya mshahara. Lakini kanuni ni moja, na makosa ya wakopaji ni yale yale.

Sasa nitoe hesabu, kwa kuwa mwalimu asiyeonyesha njia hapewi alama.

Tuseme Mwalimu A amebakiza deni la Sh. 3,000,000/- kwa kampuni ya mikopo inayomtoza asilimia 3.5 kwa mwezi. Kiasi hicho sikukitunga. Ndicho kikomo ambacho Benki Kuu imekiweka kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani makampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, na deni likilipwa kwa miezi 24, atakatwa kama Sh. 186,800/- kwa mwezi. Jumla atalipa Sh. 4,483,200/-.

Akihamishia deni hilo benki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, nayo juu ya salio linalopungua, kwa miezi ile ile 24, makato yatakuwa kama Sh. 145,500/-. Jumla ni Sh. 3,492,000/-. Ameokoa Sh. 991,200/-. Hata akitozwa ada ya asilimia 2, yaani Sh. 60,000/-, bado amebaki na zaidi ya laki tisa. Fedha hiyo ni mabati ya kuezekea nyumba. Hapa kuhamisha mkopo ni jambo la busara kabisa, na anayelikataa anajinyima haki yake.

Sasa tazama Mwalimu B. Deni ni lile lile, benki ni ile ile na riba ni ile ile ya asilimia 15. Lakini yeye ameambiwa, "Mwalimu, usijibane, tukuwekee miaka sita." Makato yake yanakuwa kama Sh. 63,400/- tu kwa mwezi. Anarudi kijijini akicheka. Zidisha kwa miezi 72: Sh. 4,564,800/-. Atalipa zaidi ya vile ambavyo angelipa kama angebaki kule kule kwenye asilimia 3.5 kwa mwezi na kumaliza katika miaka miwili. Riba imepungua, deni limenenepa. Kilichomla ni muda.

Mwalimu C ndiye wa kuhurumiwa zaidi. Yeye ameambiwa deni lake la Sh. 3,000,000/- litanunuliwa, na juu yake ataongezewa Sh. 5,000,000/- mkononi. Mabenki na wakopaji husema topapu. Deni jipya ni Sh. 8,000,000/- kwa miezi 72. Makato ni kama Sh. 169,200/-, yaani pungufu kuliko Sh. 186,800/- alizokuwa akikatwa mwanzo! Nani asingefurahi? Amepata milioni tano na makato yameshuka. Lakini atalipa jumla ya Sh. 12,182,400/-. Zile milioni tano zikiwa zimejenga nyumba ya kupangisha au zimenunua mashine ya kukoboa mpunga, huenda zikamlipa. Zikiwa zimekwisha katika sherehe na madeni ya dukani, basi ametia sahihi miaka sita ya kukatwa mshahara. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Kuna na mtego wa nne. Ukiambiwa "asilimia 15", uliza ya nini. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho bila kujali umelipa kiasi gani, deni la Sh. 3,000,000/- kwa miaka miwili litazaa riba ya Sh. 900,000/-. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, riba ni kama Sh. 492,000/-. Neno ni moja, "asilimia 15", lakini tofauti ni laki nne na zaidi. Hesabu ya riba tunawafundisha watoto wa shule ya msingi. Ni aibu sisi wenyewe tukiisahau mbele ya meza ya ofisa mikopo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "nitakubaliwaje", mwalimu aandike mistari mitatu kwenye karatasi: nimebakiza kulipa jumla ya shilingi ngapi nikibaki hapa nilipo, nitalipa jumla ya shilingi ngapi nikihama, pamoja na ada, bima na gharama zote, na nitamaliza lini. Mstari wa pili ukiwa mdogo kuliko wa kwanza, hama. Ukiwa mkubwa, na huna shida inayokulazimisha kupunguza makato ya mwezi, baki.

Sasa nije kwenye swali lenyewe la kukubaliwa. Nitataja mambo sita ambayo yako mikononi mwa mwombaji.

Kwanza ni kanuni ya theluthi moja. Mtumishi wa umma hapaswi kukatwa hadi abakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Wengi hudhani hesabu hiyo ni ya mikopo peke yake. Sivyo. Kila makato yamo. Tuseme mshahara wa msingi ni Sh. 900,000/-. Theluthi yake ni Sh. 300,000/- ambazo hazipaswi kuguswa. Mchango wa PSSSF, asilimia 5, ni Sh. 45,000/-. Aliyesoma kwa mkopo wa elimu ya juu anakatwa na Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani Sh. 135,000/-. Kodi, bima ya afya na ada ya chama cha wafanyakazi, tuseme vyote pamoja Sh. 137,000/-. Zimebaki Sh. 583,000/-. Ukitoa zile 300,000/-, nafasi ya kukopa ni makato ya Sh. 283,000/- tu. Kama tayari unakatwa Sh. 187,000/-, imebaki Sh. 96,000/-. Fanya hesabu hii nyumbani kwa hati yako ya mshahara ya mwezi huu. Ukiomba mkopo ambao makato yake hayaingii katika nafasi hiyo utakataliwa, na hapatakuwa na mtu wa kumlaumu. Na kama umemaliza deni la Bodi ya Mikopo, hakikisha makato yale yamekoma, maana hayo peke yake yanafungua nafasi kubwa.

Pili ni taarifa za mikopo. Tangu kanuni za mwaka 2012 nchi yetu ina utaratibu wa kuweka kumbukumbu za wakopaji, na benki huzitazama kabla ya kukubali. Mwalimu anaweza kuwa na mshahara mzuri lakini akakataliwa kwa sababu ya mkopo mdogo wa simu aliouchukua usiku mmoja mtoto alipougua, akausahau. Mikopo ya simu inayotolewa kwa kushirikiana na benki, kama M-Pawa iliyoanza mwaka 2014, ni mikopo kamili kama mingine. Deni la shilingi elfu kumi lililolala laweza kuzuia mkopo wa milioni kumi. Yafaa kuyalipa madeni madogo yote kwanza, kungoja kumbukumbu zirekebishwe, ndipo kuomba. Aidha mteja ana haki ya kuomba taarifa yake mwenyewe na kudai kosa lisahihishwe.

Tatu ni majina. Huku kwetu jambo hili limewaangusha wengi. Pacha anaandikwa Kulwa katika kitambulisho cha Taifa na Kurwa katika cheti cha kidato cha nne. Mwingine ana majina mawili kwenye barua ya ajira na matatu benki. Mwalimu mwanamke ameolewa, akabadili jina mahali pamoja na kuacha pengine. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja anayejulikana kijiji kizima. Kwa mashine ni watu wawili, na mmoja wao hana mshahara. Sahihisha majina kabla ya kuomba, si baada ya kukataliwa.

Nne, usiombe kila mahali kwa wakati mmoja. Wapo wanaopeleka maombi benki tatu na makampuni mawili katika wiki moja wakisema mmoja wao atakubali. Kila mkopeshaji anayekutazama anaweza kuona kwamba wengine nao wamekutazama, na atajiuliza huyu ana dharura gani. Uliza masharti kwa wengi, hilo ni halali na ni la lazima. Lakini peleka ombi rasmi kwa mmoja uliyemchagua.

Tano, tazama kazi yako na umri wako. Mwalimu ambaye hajathibitishwa kazini atapata shida. Aliyekaribia kustaafu naye muda wake ni mfupi, kwani kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma kwa wengi wetu ni miaka 60, na benki hutaka deni liishe kabla ya siku hiyo. Mwenye miaka 57 asiombe miaka sita.

Sita, punguza deni kwanza kama unaweza. Walimu wengi wa Uyui wanalima. Wapo wenye mpunga, karanga, tumbaku, na wapo wenye mizinga ya nyuki. Msimu ukifika, fedha kidogo ikipunguza deni la zamani, salio la kuhamisha linakuwa dogo na ombi linakuwa jepesi. Lakini uliza kwanza kama mkopeshaji anatoza adhabu kwa anayelipa kabla ya wakati, na dai risiti kwa kila shilingi.

Hayo ndiyo yaliyo mikononi mwa mwombaji. Yapo mengine ambayo hayamo mikononi mwake, na hapa ndipo ninapotaka wakubwa wasikie.

Ili mkopo uhamishwe, mkopeshaji wa zamani hana budi kutoa barua inayoonyesha salio. Benki mpya hulipa salio hilo, kisha mkopeshaji wa zamani hutoa barua kwamba deni limekwisha na makato husimamishwa. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo barua ya salio inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mkopeshaji hana haraka, maana kila mwezi unaopita yeye anaendelea kupokea makato. Barua ikitoka, salio lililoandikwa limeshapitwa na tarehe, na benki mpya inataka barua nyingine. Namfahamu mwalimu mwenzangu, jina nalihifadhi, aliyelipiwa deni lote na benki mpya lakini mkopeshaji wa zamani hakulisimamisha. Mwezi uliofuata yalikatwa makato yote mawili. Alirudishiwa fedha baada ya miezi mitatu. Katika miezi hiyo mitatu alikuwa akikopa unga dukani.

Tukumbuke pia jiografia. Sisi wa Isikizya tuna bahati, kwa kuwa makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui yako hapa hapa. Lakini mwalimu wa Loya au Goweko akihitaji sahihi au mhuri hana budi kufunga safari. Anaacha darasa, analipa nauli, analala mjini, na pengine anaambiwa ofisa amekwenda semina. Watoto wake wamekaa bila mwalimu. Ni kweli kwamba siku hizi mambo mengi ya watumishi yanafanyika kwa mtandao, na hayo ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini mtandao unahitaji umeme, simu nzuri na mtu wa kuelekeza, na si kila shule inavyo vyote vitatu.

Katika ucheleweshaji huo ndipo wanapoingia wale wanaoitwa kausha damu. Mwalimu aliyekwama anakwenda kwa mtu wa mtaani anayemkopesha papo hapo na kuchukua kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine ya kutolea fedha, mwalimu anasubiri nje kupewa kilichobaki. Hii si mikopo, ni kuwekwa rehani. Theluthi moja ambayo Serikali imeihifadhi kwa ajili ya chakula cha familia inaliwa na mtu ambaye hayumo kwenye hati yoyote. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Hatua hiyo ilikuwa nzuri. Lakini kausha damu wa kijijini hana programu. Ana daftari na mfuko wa kadi.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo.

Mosi, mkopeshaji alazimishwe kutoa barua ya salio katika siku chache zinazojulikana, na barua ya kumaliza deni vivyo hivyo. Akichelewa, riba ya siku za kuchelewa isiwe juu ya mkopaji. Hapo tutaona barua zikitoka kwa kasi ya ajabu.

Pili, kila mkataba wa mkopo uwe na ukurasa mmoja wa mbele, kwa Kiswahili, wenye mambo manne kwa shilingi na si kwa asilimia peke yake: fedha utakayopokea mkononi, makato ya kila mwezi, tarehe ya makato ya mwisho, na jumla yote utakayolipa. Kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinataka wateja waelezwe masharti kwa uwazi. Basi uwazi huo uonekane pale ambapo mtu anatia sahihi, si katika ukurasa wa 14 kwa herufi za sisimizi.

Tatu, vyama vya wafanyakazi vinavyopokea ada zetu vilete elimu hii mashuleni. Siku moja kwa muhula, kwenye kituo cha walimu cha kata, aje mtu asiye na mkopo wa kuuza, atufanyie hesabu.

Nne, tuimarishe vyama vyetu vya akiba na mikopo. SACCOS vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, na faida inayopatikana inabaki kwa wanachama wenyewe. Najua vipo vilivyoliwa na viongozi wake. Dawa yake ni kuhudhuria mikutano mikuu na kusoma hesabu, si kukimbilia kwa mkopeshaji ambaye huna kura kwake. Walimu wa nchi hii tulithubutu hata kuanzisha benki, Mwalimu Commercial Bank, iliyoanza kazi mwaka 2016. Watu walioweza hilo hawashindwi kusimamia chama cha akiba cha kata moja.

Na anayeonewa asikae kimya. Malalamiko yaanzie kwa maandishi kwenye taasisi iliyokukopesha, na isipokusikiliza yapelekwe Benki Kuu. Weka nakala ya kila karatasi. Maneno ya mdomo hayana mhuri.

Wapo watakaosema kwamba walimu wanapenda makuu, ndiyo maana wanakopa. Ninawaheshimu, lakini waje vijijini. Mwalimu anapangiwa kituo kisicho na nyumba, anajenga. Ana mtoto sekondari na mwingine chuoni. Ana wazazi wasio na pensheni. Kabla ya mikopo ya mishahara kuenea, mwalimu alijenga kwa miaka 15, tofali moja moja, na wengine walistaafu hawajaezeka. Mkopo si dhambi. Kinachoumiza ni mkopo ambao mkopaji hakuonyeshwa mwisho wake.

Wala sisemi kwamba mabenki ni adui. Tangu mabenki yalipotaifishwa mwezi Februari 1967, hadi NBC ilipogawanywa mwaka 1997 na NMB ikazaliwa, matumaini ya mwananchi yamekuwa yale yale: kwamba fedha ya nchi itamfikia mtu wa kijijini kwa masharti ya haki. Benki inayokubali kumtoa mwalimu kwenye asilimia 3.5 kwa mwezi na kumweka kwenye asilimia 15 kwa mwaka, kwa muda ule ule, imefanya kazi ya kuijenga nchi na imepata faida yake halali. Benki inayomrefushia muda bila kumwambia jumla ya malipo haijamsaidia.

Namalizia kwa walimu wenzangu. Dawa ya deni ni kulipa, na kuhamisha si kulipa. Kuhamisha ni njia tu ya kulipa kwa gharama ndogo zaidi, kama umehesabu kwanza. Mwisho wa mwezi huu chukueni hati zenu za mshahara, kaeni chini ya mwembe wawili wawili, yule wa hesabu amsaidie yule wa Kiswahili, muandike ile mistari mitatu. Atakayeona nafuu aende benki akiwa na majina yaliyonyooka, madeni madogo yaliyolipwa na barua ya salio mkononi. Atakayeona hasara avumilie miezi iliyobaki, kwani iliyobaki ni michache kuliko 72.



Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Isikizya, Uyui,
TABORA.